Bawa la Pili

"Bawa hili lina manyoya kumi na moja ya kurukia! Ndege wa kuzaliwa ana kumi. Huyu katengenezwa, naondoka naye," alisema karani wa kukagua ndege wafugwao.

"Shule ulikwenda kunywa uji?" Nyamvula alimkunjua bawa njiwa wa bintiye. "Umeingiza huu mfupi wa kiungoni, nao si wa kurukia. Anzia baada yake, nenda nchani."

Karani alihesabu upya, akapata kumi. Alinywea, akainama kuandika. "Na bawa la pili, mama?"

Nyamvula alihesabu kimoyomoyo, kwa njia ile ile sahihi. Kumi na moja. Bintiye alibana pumzi.

Nyamvula aling'oa unyoya mmoja, karani akiwa bado ameinama. Haukutoka damu, ulikuwa na uvuguvugu kama betri. Akaufutika kwenye leso.

"Kumi," alisema. "Andika."