Asilimia ya Kukwepa

Msimu wa mpira wa magongo wa barafuni ukianza, kila mchezaji hufungwa bangili, na haivuliwi mpaka fainali iishe. Mchezaji akimgusa kipa, bangili hupima jinsi alivyojitahidi kumkwepa, kisha hutangaza. Chini ya asilimia hamsini ni kosa. Juu ya hapo mtu hana hatia, hata kama kipa amevunjika mbavu.

Mimi ni kipa. Mume wangu, Mwadime, ni mshambuliaji wa timu pinzani. Jumamosi mchana alinivaa mzima mzima, tukaangukia wavuni pamoja.

"Kukwepa, asilimia nne," bangili yake ikatangaza.

Goli likakataliwa. Watu wakamzomea, nami ndani ya kofia yangu nikacheka. Ilikuwa miezi sijausikia uzito wake.

Jioni nilikuwa nasonga ugali, Mwadime akaja kuchukua chumvi. Jikoni kwetu ni kwembamba. Alijibana kwenye friji, akavuta tumbo ndani, lakini bega lake likanigusa kidogo.

"Kipa ameguswa," bangili ikasema. "Kukwepa, asilimia tisini na tisa."

Mwiko ukanisimama mkononi.

"Mama Wakesho, hiki kidude kimeharibika," alisema, macho yake kwenye kopo la chumvi.

"Mchana kilikuwa kizima."

Alirudisha chumvi kabatini bila kuitumia, akatoka. Nikaendelea kusonga ugali. Ningemshtaki kwa nani? Juu ya hamsini mtu hana hatia, na kipa hana la kulalamikia.