Kichwa Yugoslavia, Miguu Italia

"Sikuja kusalimiana na wakwe, Ludvik. Fungua jeneza."

Albina alisema hivyo akiwa upande wa Italia, kifua kimegusa waya wa miba. Mdogo wake Ludvik alikuwa upande wa Yugoslavia, karibu kiasi cha kunusiana pumzi. Chini yao kaburi la ukoo lilikuwa limechimbwa upya. Wakubwa waliogawana dunia baada ya vita walipitisha mpaka wao katikati ya makaburi ya kijiji, wala hawakuuliza nani amelala wapi. Baba yao alikuwa na kichwa kwa wakomunisti na miguu kwa mabepari. Leo ilikuwa zamu ya mama.

"Limepigwa misumari, dada," Ludvik alisema. "Ni homa ya matumbo. Daktari amekataza."

"Nimengoja miaka miwili nimwone mama, leo unaniambia habari za misumari?"

Miaka miwili. Siku alipoondoka kuolewa ng'ambo ya kilima, mama alisimama mlangoni, mwanamke mnene aliyeuziba mlango mzima, akamwambia yule bwana hamfai. Albina naye akajibu kwamba hakanyagi tena pale. Yalikuwa maneno ya hasira tu, ya kwisha Jumapili ikifika. Lakini kabla ya Jumapili wanajeshi walikuja na chokaa na waya, na tangu hapo anayesogea anapigwa risasi. Ruhusa ya kuufikia waya kutoka upande wa Italia ilikuwa ya mtu mmoja tu: aliyefiwa na mzazi au mtoto, tena mwisho wake ni jeneza kufukiwa.

Kwa hiyo Albina alikuwa na haja moja asubuhi ile, auone uso wa mama yake na amwombe radhi.

"Msalimie mama mkwe wangu kwanza," Ludvik alisema tena, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nyuma yake alisimama askari wa Yugoslavia, mtu wa kusini ya mbali, aliyeletwa pale juzijuzi na asiyemjua hata mtu mmoja kijijini. "Ametembea na mvua hii kuja kukupa pole. Mpe mkono, dada."

"Harusi yako hata chumvi sikuonja, leo unaniletea mama mkwe. Umeanza lini kupenda wakwe namna hii?"

Mama mkwe mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, mtandio mweusi umemshuka hadi kwenye nyusi, na kitambaa kingine kimemfunga taya. Alipitisha mikono yote miwili juu ya waya, akamshika Albina mashavu. Alimshika tu, asimwachie, mpaka Albina akaona anazibwa asilione jeneza.

"Anaumwa jino," Ludvik alieleza. "Hawezi kusema."

"Basi akalale." Albina aliisukuma ile mikono bila hata kumtazama mwenyewe usoni. Mwiba ukamchana yule mzee kiganja. "Mtu simjui ananipapasa uso, na mama yangu yuko hapo sijamwona."

"Albina, nakuomba." Ludvik alikuwa ametoka jasho na baridi yote ile. "Dakika moja tu."

"Dakika zangu ni za mama."

Padri alisoma harakaharaka, jicho moja kwenye kitabu, jingine kwa askari. Albina aliumia kuona mama yake anazikwa kama mtu anayefukuzwa. Hakungoja amalize. Alipiga magoti kwenye tope, akaliambia lile sanduku la mbao yote aliyokuwa nayo moyoni.

"Mama, nisamehe. Nilisema sikanyagi tena kwako, na kweli sijakanyaga. Kila Jumapili napanda kilimani kutazama moshi wa jiko lako. Usipotoka moshi silali. Nimepata mtoto wa kike, mama. Nimempa jina lako."

Upande wa pili mtu alitoa sauti kama aliyekabwa. Alikuwa yule mama mkwe. Wanawake wawili walimshika kwapani, wakaanza kumwondoa kuelekea langoni. Albina alichukia. Watu wengine hawana haya, aliwaza, hakumjua marehemu lakini anajiliza kumpita mwenye msiba.

"Muda umekwisha," askari wa Italia alisema nyuma yake, kwa upole. "Malizeni sasa."

Jeneza likashushwa. Kamba ya upande wa miguu ilikuwa imelowa, ikawateleza wabebaji mikononi. Jeneza likatua kwa kishindo na ubao wa miguuni ukaachia. Askari walikuwa wamesimama mbali na shimo. Albina, aliyekuwa bado amepiga magoti ukingoni, ndiye peke yake aliyeona ndani.

Mlikuwa na mawe ya shambani, yamefungwa kwenye magunia ya viazi yasigongane.

Alimtazama Ludvik. Ludvik alikuwa tayari anasukuma udongo kwa koleo, machozi yanamtiririka, na midomo yake inamsihi bila sauti: lia, dada, lia, wanatuangalia.

Albina akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya mawe. Akalia kwa sauti, kama mfiwa, huku akimtazama mama yake, aliyekonda hadi asimtambue, ameshikwa huku na huku, akitoka langoni kwa miguu yake mwenyewe.