Tundu la Bibi Fuko

Enzi wanyama walipokuwa wakipanga nyumba, Tausi alikuwa na jumba la ghorofa saba, na kuta zake alizivika nyasi kavu ili zing'ae kama dhahabu. Wapangaji wote walilisifu, isipokuwa Bibi Fuko wa chini, ambaye mwezi mzima alikuwa akichimba tundu ukutani.

"Bibi Fuko, unanitobolea nyumba," Tausi alimwambia. "Wageni watasemaje?"

"Watasema ina pa kutokea, baba."

"Kesho naliziba."

Kabla hajageuka kuondoka, cheche iliruka jikoni kwa Kanga. Nyasi zikashika moto hadi juu, na mlango mkubwa ukawaka. Wapangaji wakashuka mbio, wakatokea tunduni mmoja mmoja. Tausi akanasa. Kima akamvuta shingo, Bibi Fuko akamsukuma kwa nyuma, naye akatoka. Mkia ukabaki ndani.

Majirani waliwapokea kwa uji na mikeka, kisha wakamsaidia Tausi kujenga upya kwa udongo mtupu, wakaacha tundu kila upande. Siku hizi Tausi hamkabidhi mpangaji ufunguo kabla hajamwona akipita tunduni. Anayelalamika kwamba atachafuka, Tausi humgeuzia mgongo tu, aone pale mkia ulipokuwa.