Sura Kabla ya Tabasamu

Kila asubuhi Nakijwa humletea uji Mama Singano, mama mkwe wake aliyehamia kwake, huinama, hutabasamu, kisha huweka bakuli mezani. Leo Mama Singano alimdaka mkono kabla bakuli halijatua.

"Rudia."

"Nirudie nini, mama?"

"Hiyo sura uliyoifanya kabla ya kunichekea."

Siku hizi wazee waliopofuka, kama Mama Singano, hupandikizwa chembe za jicho la nzi. Ndani ya chembe zetu, mwanga ukiingia, vijilango vya umeme hujifunga. Ndani ya chembe za nzi hufunguka, na ishara huwahi ubongoni kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana taa inayotulia machoni petu, kwa wazee hao inawaka na kuzima. Wanaona pia kile ambacho uso hukitoa kabla mwenyewe hajakizuia.

"Pua unaikunja kwanza, meno yanafuata," Mama Singano alisema. "Unadhani mimi bwege?"

"Ni moshi tu, mama."

"Moshi! Na huo uongo nao nimeuona ukija."

Nakijwa aligeukia ukutani. Mumewe alishamwonya kwamba akimkwaza mama tena, atarudi kwao Same bila mtoto wao.

"Geuka, binti. Au unamwogopa bibi mwenye macho ya inzi?"

Aligeuka. Mama Singano alimsogelea, akamtazama bila kupepesa, akingoja tabasamu. Halikuja.

"Sikutaki nyumbani kwangu, mama," Nakijwa alisema. "Sijawahi kukutaka."