Herufi za Mnada

Bi Tunu alizisukuma kando herufi nyembamba. Akaonyesha zile nene za mbao, zenye nyayo bapa kama matofali.

“Hizo ni za mabango ya minada na ndondi, mama,” alisema Bakiri, mpiga chapa. “Aliyepotea hutangazwa kwa upole.”

“Siwatangazii watu. Namwandikia Hamdu mwenyewe.” Akafungua kiganja kumwonyesha miwani ya mwanawe, vioo vinene kama kitako cha chupa. “Leo siku ya kumi na moja. Tuligombana, akaondoka bila kuivaa.”

Bakiri akachapa neno moja, likajaa karatasi nzima: RUDI.

Bi Tunu akaliinua mlangoni. Bakiri akavua miwani yake mwenyewe, akavuka barabara kinyumenyume.

“Bado nasoma,” alipaza sauti.

“Nenda mbali zaidi,” akasema Bi Tunu, akaiinua karatasi juu ya kichwa.