Dirisha la Kasho

Enjenia wa kituo kipya cha polisi alikuwa amechora vyumba vyote chini kwa chokaa, na Sumaili akajikuta amesimama ndani ya kasho, chumba cha kufungia watu, karibu kabisa na ukuta wa chumba anapolala.

"Papa, ulilalamika kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mtaa, tumekusikia," enjenia alisema. "Dirisha tumeligeuza nyuma, kule porini. Hata mutu alie mpaka asubuhi, wewe utalala kama mutoto."

Ndicho alichokuwa ameomba. Wakubwa wa inchi hii wana macho ya kuona kiwanja, hawana ya kuona mutu; katika Kasongo nzima, kituo cha polisi wanakileta katikati ya nyumba za watu. Basi angalau asisikie vilio vya waliofungwa.

Akafungua kinywa kusema aksanti, ndipo akakumbuka.

Kasho ya zamani nayo ilikuwa na dirisha la nyuma. Mke wake alifungiwa mule kwa ugomvi wa sokoni, akaita maji mpaka sauti ikakauka, hakuna aliyemsikia. Alitoka akinong'ona, na wiki haikuisha akafa.

Chokaa ilikuwa imemshika vidole vya miguu. Sumaili aliviangalia kama hajui ni vya nani.

"Papa, iko namna gani?"

"Sijui."

Akainama, akang'oa kijiti kilichoonyesha pahali pa dirisha, akakichomeka upande wa nyumba yake.

"Huko iko kitanda yako, Papa."

"Najua kitanda yangu iko wapi."