Nywila Aliyoijua Bibi

Muuguzi alinipigia simu kutoka nyumbani kwa mgonjwa wake. Nywila ya tableti ilikuwa imemtoka kichwani tena. Mimi ndiye msimamizi wa kompyuta za wauguzi wa majumbani, na kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kumpa mpya.

Nyuma yake nikasikia sauti ya bibi mgonjwa: "Kikombe chekundu, tisa saba. Mjukuu wangu, unasahau sana."

Tableti ikafunguka.

"Bosi," muuguzi akanong'ona, "huyu hakumbuki hata jina la mwanawe. Ila mimi huwa naitamka nywila nikiandika. Utaibadilisha?"

Kanuni niliitunga mwenyewe: nywila ikisikiwa na mtu, hubadilishwa papo hapo.

Bibi alikuwa anacheka kwa raha zake.

"Iache," nikasema. "Na kesho jifanye umesahau tena."